Shajara ya mradi: taharuki inavyoutikisa mwili wa mtu anayejihami

Shajara hii ninaiandika ili mkufunzi mwingine atakayetaka kufanya jaribio kama hili aanzie pale tulipofika, asirudie kujikwaa pale tulipojikwaa sisi. Swali lenyewe ni fupi: mtu aliyejifunza kujihami akiwa ametulia, mwenzake akimshika kwa upole juu ya mkeka, hubakiwa na nini mwilini pale anapovamiwa ghafla na moyo ukamwenda mbio? Washiriki ni watu wazima tisa, wanawake watano na wanaume wanne, na hakuna hata mmoja aliye na mazoezi ya chini ya miezi sita. Wakufunzi tuko wawili. Mimi napima na kuandika. Mwenzangu huvaa kofia na vazi la kinga na kuwa mshambuliaji. Kila mshiriki alitoa ridhaa kwa maandishi, na wenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu au historia ya kuzirai hatukuwachukua.

6 Januari. Vipimo vya awali

Tumechagua vipimo vinne. Cha kwanza ni kupiga pedi kwa kiganja kwa sekunde 20 bila kukoma, kazi inayodai nguvu za bega na nyonga lakini haidai ustadi wa vidole. Cha pili ni kufungua kufuli dogo kwa funguo tatu zilizofungwa pamoja, mmoja tu ukiwa ndio wenyewe. Cha tatu ni kupiga namba ya dharura kwenye simu isiyo na laini. Cha nne ni kutamka kwa sauti ya kusikika sentensi iliyopangwa tangu mwanzo: “Rudi nyuma, usinisogelee.” Mzunguko ukiisha, mshiriki hujibu maswali matano kuhusu mshambuliaji: alivaa nini, alishika nini, alisema nini, alitokea upande gani, na alikuwa peke yake au la. Mapigo ya moyo yanapimwa kwa saa ya mkononi, na kila kitu kinarekodiwa kwa video.

Katika hali ya utulivu hakuna aliyeshindwa lolote. Kufuli lilifunguka kwa takriban sekunde sita, na maswali matano yalijibiwa yote. Neno la kusimamisha zoezi tumeliweka kuwa “Acha!”, uamuzi ambao utatugharimu huko mbele.

20 Januari. Mbio si hofu

Nilianza kwa njia ya mkato. Kwa kuwa taharuki hupandisha mapigo ya moyo, nilidhani nikiyapandisha mapigo kwa njia yoyote nitakuwa nimeileta taharuki yenyewe. Basi washiriki wakapiga mbio za kwenda na kurudi hadi mapigo yao yakapita 150 kwa dakika, na papo hapo wakakabidhiwa funguo. Kufuli likafunguka kwa sekunde saba au nane, simu zikapigwa bila kosa, na maswali yote matano yakajibiwa huku mtu akitweta. Tulirudia kipindi cha pili, nikiwa bado nashikilia kwamba hawakukimbia vya kutosha, na matokeo yakawa yale yale.

Chanzo cha kosa langu ni jedwali linalozunguka sana miongoni mwa wakufunzi wa kujihami, linalodai kwamba mapigo yakifika 115 kwa dakika vidole hupoteza ustadi, na yakifika 145 stadi zenye hatua nyingi huvurugika. Nimelifundisha jedwali hilo kwa miaka, nakiri. Ilitosha kuwafikiria wanamichezo wa biathloni ili niliwekee shaka: hutoka kwenye kuteleza kwa skii wakiwa na mapigo ya juu kuliko hayo, wakalala chini, na kulenga kwa bunduki shabaha yenye kipenyo cha milimita 45 iliyo umbali wa mita 50, na wengi wao huipata.

Tofauti iko kwenye kinachoupandisha moyo. Mtu anapokimbia, misuli inadai oksijeni na moyo unaitikia dai hilo. Mtu anapoogopa, ubongo hutambua hatari kwanza, kisha hupeleka ishara kupitia mfumo wa neva wa simpathetiki, yaani neva zinazouandaa mwili kwa hatari, hadi kwenye tezi zilizo juu ya figo, nazo humwaga adrenalini kwenye damu kabla misuli haijafanya kazi yoyote. Mishipa midogo ya ngozi hujibana na viganja hupoa, mate hukauka, tumbo husimamisha kazi yake, sukari huachiliwa kutoka kwenye ini, na vidole huanza kutetemeka. Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Marekani, aliyaeleza mengi ya haya mwanzoni mwa karne ya 20 na kuyaita maandalizi ya kupigana au kukimbia. Juu ya hayo yote, akili yenyewe inakuwa imeshikwa na kile kinachotisha. Moyo ni shahidi wa hali zote mbili, na ushahidi wake hauzitofautishi.

Gharama: vipindi viwili vya dakika 90 vilivyopotea, na mshiriki mmoja aliyevuta msuli wa kigimbi akapumzika wiki mbili.

27 Januari. Saa ya mkononi

Nimeiacha. Husoma mapigo kwa mwanga unaopenya ngozi, na mtu akikunja ngumi au akapiga pedi, usomaji huganda. Mshiriki mmoja alionekana kuwa na mapigo 84 muda wote alipokuwa akipiga, kisha ghafla 161 baada ya kukaa chini. Tumehamia kwenye mkanda wa kifuani, na tumejifunza kuulowesha kidogo kabla ya kuufunga ili usipoteze ishara.

10 Februari. Tumetia hofu kupita kiasi

Safari hii niliegemea upande wa pili. Taa zilizimwa, kelele zikachezwa kwenye spika, washambuliaji wakawa wawili badala ya mmoja, na washiriki hawakuambiwa lini wala kutoka wapi. Hofu niliipata, tena nyingi. Mafunzo hayakupatikana.

Dada mmoja, ambaye kwenye mkeka hodari kama yeye hatuna, alipigwa na bumbuwazi. Video inaonyesha mikono yake ikipanda hadi usawa wa kifua na kusimama hapo, viganja vikiwa nusu wazi, macho yakiwa yamenata kwenye mkono wa kulia wa mwenzangu, kwa sekunde nne kamili ambazo ndani yake alisukumwa mara mbili na hakurudisha hata hatua moja nyuma. Mkanda wa kifuani ulinishangaza zaidi, kwa sababu mapigo yake yalishuka kidogo kwanza, ndipo yakaruka. Baadaye niliona kwamba hili linajulikana: mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi waliwasimamisha watu kwenye jukwaa linalopima kuyumba kwa mwili wakawaonyesha picha za nyuso zenye hasira, na kuyumba kwa miili ya watu hao kukapungua huku mapigo yao yakipungua kasi. Kuganda ni sehemu ya kujihami kwa mwili, kama vile kukimbia na kupigana, na hakupimi ushujaa wa mtu. Nilipomuuliza ilikuwaje, alijibu, “Mwalimu, nilijua cha kufanya. Mikono ndiyo haikunisikia.”

Kosa baya zaidi lilikuwa la neno “Acha!”. Washiriki wawili walilipaza kama sehemu ya kujihami, jambo ambalo ndilo tulilowafundisha kwa miezi, na mshambuliaji akasimama katikati ya zoezi. Mwingine alilitamka akimaanisha kweli kwamba amechoka na anataka kutoka, na mwenzangu, aliyekwisha kulisikia mara kadhaa usiku ule, akadhani ni sehemu ya zoezi akaendelea kumbana ukutani kwa sekunde chache ambazo hazikupaswa kuwapo. Mshiriki huyo hakurudi tena. Niliomba radhi kwa barua, naye akajibu kwa upole kwamba amenisamehe ila hatarudi, na sina neno la kumlaumu.

Marekebisho ni matatu. Neno limebadilishwa kuwa “Dirisha”, ambalo hakuna mtu atakayelipaza kwa bahati katikati ya purukushani. Kwa kuwa mtu aliyeshikwa na kiwewe husahau hata maneno aliyoyakariri, jukumu kuu la kusimamisha limehamia kwa mtazamaji mwenye filimbi, ambaye lazima aipulize mtu akiganda kwa sekunde tatu. La tatu ndilo ninalolithamini zaidi: aliyeganda haondoki moja kwa moja kwenda kupumzika. Anapewa dakika chache na maji, kisha anarudia tukio lile lile kwa ukali mdogo mpaka alimalize kwa kitendo chake mwenyewe. Tulimsimamishia yule dada zoezi akiwa bado ameganda, tukamwacha akae, na kwa kufanya hivyo tuliufundisha mwili wake kwamba ukiganda, hatari huisha yenyewe.

24 Februari. Ngazi tano

Tumeiga utaratibu wa kuuzoesha mwili taharuki kwa dozi, ambao mwanasaikolojia Donald Meichenbaum wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada aliujenga kuanzia miaka ya 1970: mtu hueleweshwa kwanza kinachomtokea, kisha hufundishwa stadi za kukikabili, ndipo hupimwa kidogo kidogo. Ngazi ya kwanza ni mshambuliaji anayeonekana na kutangazwa. Ya pili, muda haujulikani. Ya tatu, kunaongezwa matusi na kusukumwa. Ya nne, kunaongezwa silaha ya mpira. Ya tano, hakuna kinachojulikana. Mtu hapandi mpaka amalize mizunguko mitatu akiwa bado anaweza kuongea sentensi nzima. Sasa wako wanane, na hakuna aliyeganda kupita sekunde mbili.

10 Machi. Mbinu kumi na moja zimekuwa tatu

Tulipozitazama video za ngazi ya tatu kwa mwendo wa polepole, kilichojitokeza si udhaifu wa mapigo ya mikono bali kusitasita. Mkono unainuka kana kwamba unakwenda kukinga, unageuka njiani kana kwamba unakwenda kushika kifundo, kisha unarudi. Kabla ya mradi nilikuwa nimewafundisha majibu kumi na moja kwa mashambulizi mbalimbali, na nilijivunia idadi hiyo.

Wakufunzi wengi hapa wangeitaja kanuni ya Hick ya mwaka 1952, inayosema kwamba muda wa kuitikia huongezeka kadiri machaguo yanavyoongezeka, halafu wakadai kwamba kila mbinu mpya huongeza ucheleweshaji maradufu. Kanuni haisemi hivyo. Ongezeko hufuata logarithimu, yaani kila chaguo la ziada huongeza kidogo kuliko lililotangulia, na mazoezi hulipunguza zaidi. Kwa maoni yangu, kilichowakwamisha washiriki wetu hakikuwa wingi peke yake bali ni kwamba majibu yale kumi na moja yalianza kwa njia kumi na moja: hili linaanza kwa mguu, lile kwa mkono wa kushoto, jingine kwa kuzunguka. Mtu akikosea mwanzo, hana pa kuunganishia.

Tumebakiza matatu, na yote yanaanza kwa kitendo kimoja: mikono juu mbele ya uso, kidevu chini, hatua moja ya pembeni. Kutoka hapo mtu hupiga kwa kiganja, au husukuma na kukimbia, au humng'ang'ania mshambuliaji kwa karibu na kupiga goti. Kufunga kifundo cha mkono tumekuondoa kabisa, kwa kuwa kunadai kidole gumba kitulie mahali pake juu ya ngozi iliyolowa jasho, na kidole chenyewe kinatetemeka. Mmoja wa washiriki wa siku nyingi alinuna. Alikuwa ametumia mwaka mzima kukijua kifungo hicho. Nilimwonyesha video yake akijaribu mara tano na kukosa mara tano, naye akasema atakifanyia mazoezi kwa raha zake.

Hapa jaribio la zamani la Robert Yerkes na John Dodson la mwaka 1908 linasaidia kuelewa. Waliwafundisha panya kutofautisha njia mbili kwa kuwapiga shoti ya umeme. Tofauti ilipokuwa rahisi kuonekana, shoti kali zaidi iliharakisha kujifunza; ilipokuwa ngumu, shoti ya wastani ndiyo iliyofaa na ile kali iliharibu. Mara nyingi jaribio hili huchorwa kama mlima mmoja unaohusu kila kitu, hali umuhimu wake kwetu uko kwenye ile sehemu ya pili, kwamba kazi rahisi hustahimili msukosuko ambao kazi ngumu haiwezi kuustahimili. Katika vipimo vyetu idadi ya mapigo ya kiganja ndani ya sekunde 20 iliongezeka chini ya taharuki. Kufuli lilichukua sekunde kumi na nane kwa mtu mmoja, na funguo mbili zilipinda.

24 Machi. Macho yanayonata

Katika ngazi ya nne mwenzangu anashika kisu cha mpira. Nilisimama mlangoni, hatua tano kutoka kwenye tukio, nikiwa nimevaa kofia nyekundu. Wanne kati ya wanane hawakuniona, na mmoja aliapa kwamba mlango ulikuwa umefungwa. Kuhusu kisu, wote walikikumbuka, lakini kila mtu na kisu chake. “Kilikuwa kirefu hivi,” alisema kaka mmoja akitenganisha viganja kwa upana wa bega. Kisu chenyewe hakizidi urefu wa kiganja changu.

Elizabeth Loftus na wenzake walionyesha mwaka 1987 kwamba macho ya mtazamaji hutua kwenye silaha mara nyingi zaidi na kukaa hapo muda mrefu zaidi kuliko yanavyokaa kwenye kitu cha kawaida, na uso wa mwenye silaha ndio unaolipia. Wengi huliita jambo hili kuona kwa tundu, kana kwamba jicho lenyewe limezibwa pembeni. Ni kweli kwamba mboni hupanuka, lakini sehemu kubwa ya upungufu iko kwenye uangalifu, kwa maana kwamba picha ya pembeni inafika na hakuna wa kuipokea.

Tulijaribu kuwaambia watu “angalia pande zote”. Halikufua dafu, kwa kuwa ni agizo linalohitaji akili iliyotulia ili kulikumbuka. Kilichosaidia ni kuliunganisha na kitendo cha mwili: baada ya pigo la tatu mtu anapiga hatua ya pembeni, anageuza shingo, na lazima ataje kwa sauti idadi ya watu anaowaona. Ikabidi nianze kubadilisha idadi kila mara, maana wiki ya kwanza walisema “wawili” bila hata kugeuka.

Masikio nayo yalitushtua. Filimbi yangu haikusikika kwa washiriki wawili, ilhali ilimwumiza masikio mtazamaji mwingine aliyekuwa mbali zaidi. Kwa hiyo utaratibu wa usalama wa Februari tumeuongezea kipengele: filimbi ikilia, mshambuliaji anapiga magoti na kufungua viganja, ili aliyezibwa masikio na taharuki aone kwa macho kwamba zoezi limekwisha. Atakayeiga mradi huu asiliruke hili.

7 Aprili. Pumzi

Kwa nini mtu anayekimbia nusu saa bila shida huishiwa nguvu baada ya sekunde 15 za kupigana? Sehemu moja ya jibu ni akiba ya fosfokriatini katika misuli, ambayo hulisha juhudi ya nguvu zote kwa takriban sekunde 10 tu kabla misuli haijalazimika kutegemea zaidi njia nyingine za kupata nishati. Hilo halirekebishiki sana. Sehemu ya pili tuliiona kwenye video kwa kutazama mabega: watu sita kati ya wanane walikuwa wameshikilia pumzi tangu mshambuliaji alipoonekana hadi pigo la mwisho. Wengine wawili walihema haraka haraka na juu juu, wakapata kizunguzungu na vidole vikawachonyota, kwa sababu kuhema kupita mahitaji hupunguza kabonidayoksaidi kwenye damu.

Nilianza kwa kuwafundisha kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita. Ni zoezi zuri kabla na baada ya tukio, kwa kuwa kutoa pumzi polepole huipa neva ya vagasi nafasi ya kuutuliza moyo. Katikati ya vurugu hakuna hata mmoja aliyelikumbuka, nami nilikuwa mjinga kulitarajia. Tumelibadilisha: kila pigo linaambatana na neno fupi lenye nguvu, “Rudi!”, na kwa kuwa mtu hawezi kupaza sauti bila kutoa pumzi, kifua hujifungua chenyewe. Katika vipimo viwili vilivyofuata, mapigo ya kiganja ya sekunde tano za mwisho yalikaribia kulingana na ya sekunde tano za mwanzo, na wale wawili hawakulalamika tena kizunguzungu. Pia sentensi ndefu ya awali, “Rudi nyuma, usinisogelee,” tumeikata. Walikuwa wanaitamka nusu kwa kigugumizi.

21 Aprili. Nilishangilia mapema

Mapigo ya moyo yameshuka katika ngazi ya tano, hakuna anayeganda, maswali manne kati ya matano yanajibiwa. Niliandika ukurasa mzima wa kujipongeza ambao sasa nimeufuta.

Nilimwalika mkufunzi wa mahali pengine, mgeni kwa washiriki wote, aje kuwa mshambuliaji, na tukahamishia zoezi kwenye ngazi za jengo, washiriki wakiwa na nguo zao za kila siku na mifuko mabegani. Wawili waliganda. Mmoja alipiga hewa. Kufuli halikufunguka kabisa kwa watatu. Usiku huo nilirudi kwenye video za wiki zilizopita nikaona nilichokuwa sikioni: mwenzangu, kabla ya kuvamia, hukanyaga chini kwa kisigino cha kushoto. Kila mara, bila kujua. Washiriki nao, bila kujua, walikuwa wakiinua mikono kwa kuitikia kisigino hicho. Tulikuwa tumewafundisha kumzoea mtu mmoja.

Tangu hapo washambuliaji ni watatu kwa zamu, na mahali hubadilika. Kinachonitia moyo kuendelea ni kazi ya Arne Nieuwenhuys na Raôul Oudejans iliyochapishwa mwaka 2011 kuhusu polisi wa Uholanzi, ambao walifanya mazoezi ya kulenga shabaha huku mpinzani akiwajibu kwa risasi za sabuni ya rangi. Waliofanya mazoezi hivyo walidumisha usahihi wao chini ya shinikizo, na miezi kadhaa baadaye bado walikuwa nao, wakati wenzao waliofanya mazoezi kwenye shabaha za kadibodi waliendelea kuharibikiwa kila shinikizo lilipopanda.

5 Mei. Dakika thelathini za baadaye

Tulipanga mradi kana kwamba tukio huisha mshambuliaji akiondoka. Mwili hauoni hivyo. Adrenalini hupungua kwenye damu ndani ya dakika chache, lakini kotisoli, homoni nyingine ya taharuki, hufika kileleni dakika 20 hadi 30 baada ya taharuki kuanza, yaani wakati sisi tulikuwa tayari tumekwisha kukunja mikeka. Katika kipindi hicho watu walitetemeka magoti, wakasikia kichefuchefu, mmoja akacheka bila kuweza kujizuia na mwingine akalia huku akisema hajui analia nini. Sasa tunabaki pamoja nusu saa baada ya kila kipindi cha ngazi ya tano, na hakuna anayeruhusiwa kuendesha gari kabla ya hapo.

Muda nao huvutika. Mzunguko wa sekunde 19 ulikadiriwa na wenyewe kuwa nusu dakika au zaidi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2007 liliwaangusha watu kutoka mita 31 juu ya wavu, nao wakakadiria anguko lao kuwa refu kwa asilimia 36, ingawa saa maalumu iliyokuwa mkononi ilionyesha kwamba macho yao hayakuona kwa kasi zaidi ya kawaida. Urefu ule hutengenezwa na kumbukumbu. Kumbukumbu hiyo hiyo huchezea nyuso: katika utafiti wa mwaka 2004 uliohusisha zaidi ya wanajeshi 500 wa Marekani waliokuwa kwenye mafunzo ya kustahimili kutekwa, waliohojiwa kwa vitisho walimtambua aliyewahoji vibaya kuliko waliohojiwa bila vitisho, ingawa walikaa naye ana kwa ana zaidi ya nusu saa. Nimeacha kuwakosoa washiriki kwa majibu ya rangi ya shati.

19 Mei. Vipimo vya mwisho na gharama

Washiriki wanane wamerudia vipimo vyote mbele ya mshambuliaji mgeni wa pili. Mapigo ya kiganja yameimarika kwa wote. Sauti imetoka kwa saba. Idadi ya watu waliokuwapo imetajwa sawasawa na sita. Kufuli limebaki kuwa aibu ya mradi: wastani ni sekunde kumi na tatu, karibu sawa na mwezi Machi, licha ya mazoezi yote. Nimefikia uamuzi kwamba vidole vinavyotetemeka havifundishiki kwa kiwango ninachokitaka, na kwamba ni afadhali kuviondolea kazi. Ufunguo unaohitajika utengwe na mingine na ushikwe mkononi kabla ya kufika mlangoni, na simu iwekwe njia ya kuita msaada kwa kubonyeza kitufe kimoja mara kadhaa. Kwa simu, mabadiliko hayo peke yake yaliwafikisha wote wanane.

Gharama kwa jumla: vipindi 20 vya dakika 90, pamoja na nusu saa za kupumzika tulizoziongeza mwezi Mei, saa nyingi za kutazama video, ambazo ndizo zilizonichosha kuliko zote, mikanda miwili ya kifuani, kufuli moja na funguo nne, msuli mmoja wa kigimbi, kidole kimoja kilichoteguka, na michubuko ya mwenzangu ambayo hataki niihesabu. Na mshiriki mmoja.

Yule dada aliyeganda mwezi Februari bado anaganda. Sekunde nne zimekuwa moja na nusu hivi. Alipoitazama video ya leo aliomba niirudishe nyuma mara mbili, kisha akaweka kidole kwenye kioo, kwenye bega lake mwenyewe. “Tazama hapa, mwalimu. Pumzi imetoka kwanza, mikono ikafuata.” Ilikuwa kweli; bega linashuka kwanza, na sehemu ndogo ya sekunde baadaye viganja vinapanda. Hilo ndilo tutakaloanza kulipima, picha moja moja, kwa wote wanane. Kipimo cha marudio, bila mazoezi yoyote katikati, kimepangwa kufanyika tarehe 18 Agosti.